Tuonyesheni Maji Yatatua Wapi: Barua ya Wazi kwa Wahandisi na Wakaguzi wa Kazi za Maji, Embu na Tharaka Nithi

Kwa waheshimiwa wahandisi wa maji na wa barabara, wakaguzi wa miradi, wakandarasi, na ninyi waheshimiwa wawakilishi wa wadi mnaopitisha bajeti katika mabunge ya kaunti zetu mbili,



Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu, na sasa ni mkulima wa Ishiara ninayetegemea maji ya mto Thuci. Nawaandikia hadharani kwa sababu baraza tumehudhuria, mikono tumeinua, na majibu tunayopewa huishia kwenye urefu wa ukuta, idadi ya mifuko ya saruji na siku ya kufungua mradi. Swali letu hurudi nyumbani nasi bila jibu: maji yakishapita juu ya ukuta huo, yatatua wapi, na yatafanya nini yakitua?

Mto wetu mnaujua. Thuci inatoka Mlima Kenya, inakuwa mpaka wa kaunti zenu, inateremka kwa kasi hadi huku kwetu kwenye joto na udongo wa kichanga, kisha inaingia Tana. Kwa hiyo mto unaweza kufura Ishiara siku ambayo sisi hatujaona hata tone la mvua. Imenyesha mlimani, nasi tunapokea. Skimu yetu ya umwagiliaji ilianzishwa miaka ya 1950, wakati mmoja na skimu za Mwea, Hola, Perkerra na Yatta, enzi ambayo serikali ya kikoloni ilitumia nguvu za watu waliozuiliwa katika Hali ya Hatari kuchimba mifereji. Wazee walilipa maji haya kwa jasho ambalo hawakuulizwa kama wako tayari kulitoa. Hiyo ni sababu moja inayonifanya nisivumilie kuona kazi ya maji ikifanywa nusu.

Nina malalamiko manne.

1. Fedha zinaishia kwenye ukuta.

Tunaposomewa gharama za banio dogo, inteki kama wengi wetu tunavyoiita, tunasikia saruji ya ukuta, nondo, mlango wa mfereji, mabomba. Upande wa chini wa ukuta hupewa mstari mmoja: sakafu ya zege ya mita chache na gabioni kidogo. Bei ya vifaa ikipanda katikati ya kazi, mstari huo ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa hata ukikatwa mradi bado unaonekana umekamilika. Nimeona banio ambalo sakafu yake ya chini iliishia kabla maji hayajatulia. Mvua za misimu michache zilichimba shimo mbele ya zege, shimo likaingia chini ya zege, sakafu ikaning'inia, ikakatika. Ukuta wenyewe ulikuwa mzima, hauna ufa. Siku ulipoinama, watu walisema mafuriko yalikuwa makubwa mno. Mimi nilikuwa nimeliangalia shimo lile likikua mwaka baada ya mwaka.

Wahandisi mnaijua fizikia yake kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa pia na watakaopiga kura kuhusu bajeti, kwa hiyo naieleza. Fungulieni bomba la jikoni maji yaangukie sinia bapa. Yanapogusa sinia yanatawanyika membamba, laini na yenye kasi, halafu umbali mfupi kutoka hapo yanainuka ghafla, yanakuwa mazito na ya polepole. Kule kuinuka kwa ghafla ndiko mruko wa maji. Giorgio Bidone aliupima Turin, Italia, mwanzoni mwa karne ya 19, na Jean-Baptiste Bélanger wa Ufaransa akaupatia kanuni ambayo bado inatumika. Mtoni mruko huo ni ukuta wa povu jeupe unaojikunja papo hapo bila kwenda mbele. Humo ndani maji yanagombana yenyewe kwa yenyewe, yanameza hewa, na nguvu ya kuchimba inaishia kuwa msukosuko na joto dogo. Mhandisi hujenga beseni la zege ili ugomvi huo ufanyike juu ya zege na uishe hapo.

Sasa hesabu. Maji yakianguka mita 3, tukiacha msuguano, yanafika chini kwa kasi ya mita 7.7 kwa sekunde, karibu kilomita 28 kwa saa. Tuseme yamefika yakiwa na unene wa sentimita 20. Namba ya Froude, yaani kasi ya maji ikigawanywa kwa kasi ya wimbi dogo katika kina hicho, ni karibu 5.5. Ikizidi 1, wimbi haliwezi kupanda dhidi ya mkondo. Kanuni ya Bélanger inatuambia maji hayo yataruka hadi kina cha mita 1.45, na katika kuruka yatapoteza zaidi ya nusu ya nishati yake, takriban kilowati 25 kwa kila mita ya upana. Kwenye banio lenye upana wa mita 20 hiyo ni nusu megawati, inayopiga mahali pamoja usiku na mchana mto ukiwa umejaa. Mruko wenyewe unahitaji karibu mita 9 za kutulia. Anayejenga sakafu ya mita 3 hapo ameuachia mchanga wetu kazi ya zege.

Na mruko una sharti ambalo halisameheki. Upande wa chini lazima pawe na kina kile cha mita 1.45, ama mto wenyewe ukitoe, ama beseni lizamishwe na kuwekewa kizingiti mwishoni. Kina kikipungua, mruko unasukumwa nje ya zege na maji yanakwenda kuchimba mbele yakiwa na kasi yote. Kina kikizidi sana, mruko unazama na mkondo wa kasi unapita chini chini kwa umbali mrefu. Ndiyo maana mchoro usiotaja kina cha maji upande wa chini ni mchoro ambao haujakamilika, hata ukiwa na mihuri mitano.

2. Hesabu inafanywa kwa siku moja ya mto.

Ongezeni maji katika mfano huohuo mpaka unene wake ufike sentimita 60 badala ya 20, yaani mto umebeba mara tatu. Namba ya Froude inashuka hadi karibu 3.2. Kina kinachohitajika kinapanda hadi mita 2.4, na mruko unapoteza robo na kidogo tu ya nishati badala ya nusu. Kibaya zaidi, namba hiyo inaangukia kati ya 2.5 na 4.5, eneo ambalo vitabu vya fani yenu vimeonya kwa miaka mingi: mkondo unayumba kati ya sakafu na uso wa maji, bila utaratibu, na kutuma mawimbi yanayopiga kingo mbali na banio. Yaani siku ya mafuriko, siku tunayolihitaji beseni zaidi, ndiyo siku mruko unapofanya kazi vibaya zaidi. Mabanio ya mito kama Thuci, yenye maporomoko mafupi na mafuriko mazito, yanaangukia hapo hasa.

Dawa yake si siri. Mwaka 1958 A. J. Peterka wa U.S. Bureau of Reclamation alikusanya majaribio ya miaka katika mwongozo mmoja unaoeleza aina za mabeseni: wapi pawekwe meno ya zege ya kuchana mkondo, wapi kizingiti, wapi meno yasiwekwe kwa sababu kasi ni kubwa mno na yataliwa. Wahandisi wetu wamefundishwa humo. Hapa kwetu tuna ushahidi kwamba nchi hii inajua kujenga: Kindaruma ya 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981, Kiambere ya 1988, yote kwenye Tana, mto unaopokea maji ya Thuci. Masinga ilipofurika mwaka 2024, maji ya ziada yalikuwa na njia yake iliyojengwa. Sitakubali kuambiwa kwamba ujuzi huo ni wa umeme wa taifa tu, na mkulima wa ndengu apewe ukuta na gabioni.

Wala msidhani wakubwa hawaumizwi na jambo hili. Huko California, Februari 2017, bwawa la Oroville lilianza kumwaga maji kwenye njia yake ya dharura kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Chini ya kizingiti cha njia hiyo hapakuwa na beseni wala sakafu, ila mlima mtupu. Maji yaliyopita yalikuwa kidogo sana kulinganisha na uwezo ulioandikwa kwenye michoro, lakini yalichimba mlima huku shimo likirudi nyuma kuelekea kizingiti chenyewe, na siku iliyofuata watu wapatao 188,000 waliamriwa kuhama. Kwenye Zambezi, maji ya bwawa la Kariba yamechimba shimo la takriban mita 80 chini ya ukuta, na Zambia na Zimbabwe zimelazimika kukopa na kuchangiwa fedha kulitengeneza upya. Hao walikuwa na miamba. Sisi tuna mchanga.

3. Mnapuuza mchanga unaoondoka chini ya banio.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu halihitaji saruji, linahitaji usimamizi. Malori yanashuka mtoni kuchukua mchanga, vijana wanapata riziki, na siwalaumu vijana. Lakini mchanga ukiondolewa, kitanda cha mto kinashuka, na uso wa maji unashuka nacho. Rudini kwenye mfano wangu: beseni lilihitaji kina cha mita 1.45, mhandisi akapima mto akakuta mita 1.6, akaridhika. Kitanda kikishuka nusu mita tu, kina juu ya zege kinabaki mita 1.1. Mruko unahama kutoka kwenye zege. Hakuna aliyegusa banio, hakuna tofali lililotolewa, na banio limekwisha kuhukumiwa.

Mwongozo wa taifa wa uvunaji mchanga, uliotolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mwaka 2007, unakataza kuchimba ndani ya mita 100 kutoka kwenye madaraja, barabara na kazi nyingine za namna hiyo. Kwanza, hata hizo mita 100 hazilindwi. Pili, hazitoshi. Kitanda kikichimbwa mahali fulani mto hujisawazisha kwa kula kuelekea juu, na mmomonyoko huo haujui kigingi cha mita 100 kiko wapi. Kaunti mbili zinagawana mto mmoja. Ng'ambo hii wakikataza na ng'ambo ile wakatoa leseni, hakuna kilichokatazwa.

Na tunaolipa ni sisi. Kitanda kikishuka, mdomo wa mfereji unabaki juu ya maji. Mto unapita pale chini, unauona, na shamba lako la matikiti linakauka. Mwenye uwezo ananunua pampu na petroli, asiye na uwezo anarudi kungoja mvua ya huku kwetu Mbeere, ambayo wote mnajua jinsi ilivyo. Nyanya na matikiti havingoji kesi ya nani alitoa kibali.

4. Kalvati mmezisahau kabisa, na watu pia mmewasahau.

Wahandisi wa barabara, hapa nawageukia ninyi. Kalvati inakusanya maji ya bonde zima ndani ya bomba moja na kuyatema upande wa pili kwa kasi ambayo bonde halikuwahi kuwa nayo. Pale yanapotemewa panahitaji mawe yaliyopangwa au beseni dogo. Mara nyingi hapana kitu, na baada ya misimu michache panazaliwa korongo linalorudi kuila barabara mliyoijenga na shamba la jirani ambaye hakuulizwa.

Kuhusu watu nitasema kwa ufupi kwa sababu ni jambo la kuogofya. Lile povu linalojikunja chini ya ukuta linarudisha nyuma kila kinachoelea. Mtu akiingia humo anavutwa kuelekea ukutani, anazamishwa, anaibuka, anavutwa tena. Maji yamejaa hewa, hayambebi vizuri, na hata anayejua kuogelea anachoka. Ukuta wa mita moja na nusu unatosha kuua. Watoto wetu wanaoga chini ya mabanio kwa sababu ndipo penye kina. Mama zetu wanafua hapo. Miradi inakabidhiwa bila kibao, bila ngazi, bila kamba, bila neno hata moja kwa shule iliyo karibu.

Basi tunaomba yafuatayo, na tunaomba kwa haki.

Kwanza, kabla fedha hazijatolewa kwa banio, bwawa au kalvati yoyote, michoro ibandikwe kwa chifu na isomwe barazani, ikiwa na tarakimu zilizo wazi: mto utabeba maji kiasi gani siku ya kawaida na siku ya mafuriko, kasi yake chini ya ukuta, kina kinachohitajika ili mruko ukae ndani ya beseni, na kina kilichopo kweli mtoni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inayotekeleza haki hiyo inampa afisa siku 21 kujibu ombi. Tutaandika maombi hayo kwa kila mradi, na tutahesabu siku.

Pili, beseni la kutulizia maji liwe na fungu lake katika bajeti, lisiloweza kupunguzwa kufidia ukuta. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, hili liko mikononi mwenu. Mkiona mradi wa banio ambao sehemu ya chini imepewa mstari mmoja, urudisheni. Fedha zikiwa hazitoshi, jengeni ukuta mfupi wenye beseni kamili. Nitasimama barazani kuwatetea siku mtakapolaumiwa kwa ufupi wake.

Tatu, kaunti zote mbili zikubaliane kuhusu mchanga wa Thuci, kwa sheria moja, na marufuku ipimwe kwa hali ya kitanda cha mto badala ya umbali peke yake. Simikeni fimbo ya kupimia upande wa chini wa kila banio. Kitanda kikishuka chini ya alama iliyowekwa na mhandisi, uchimbaji usimame sehemu hiyo yote ya mto, pande zote mbili, mpaka kirudi. Vijana wanaoishi kwa mchanga waitwe mezani wakati sheria inaandikwa, maana wao ndio wanaoujua mto kwa mikono yao.

Nne, sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiliwe mpaka mvua ndefu na mvua fupi zipite juu ya kazi yake. Baada ya kila msimu, mkaguzi na wawakilishi wa watumiaji wa maji wapime pamoja kina cha shimo chini ya sakafu, na kipimo kiandikwe kwenye daftari linalobaki kwetu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo msimamizi kisheria. Tunaomba ikubali vipimo vyetu kama taarifa halali, kwa sababu sisi tupo hapa kila siku na maafisa wake hawawezi kuwapo. Kamba yenye jiwe na alama za rangi inatosha kwa kazi hii. Shimo linalogunduliwa likiwa na kina cha goti linazibwa kwa mawe na zege kidogo. Likifika kimo cha mtu, mnajenga banio jipya.

Tano, vibao vya hatari, ngazi na kamba za kushikia viwekwe chini ya kila ukuta kabla ya makabidhiano, na walimu wakuu wa shule za karibu waelezwe kwa mdomo, ana kwa ana, kwa nini pale pana hatari.

Najua jibu litakalokuja upesi: kwamba kaunti haina fedha. Tunajua hali ya fedha. Lakini banio linalojengwa mara mbili ni ghali kuliko lenye beseni, na lile la pili hujengwa baada ya msimu ambao watu hawakuvuna. Hesabu ya hasara hiyo haiko kwenye vitabu vya kaunti kwa sababu iko kwenye karo ambazo hazikulipwa na mbuzi waliouzwa kwa bei ya dhiki. Jibu la pili ni kwamba mafuriko siku hizi yamezidi. Kama yamezidi, basi hesabu za namba 2 hapo juu zirudiwe kwa mafuriko hayo mapya, na zionyeshwe.

Bwawa la High Grand Falls limetajwa kwenye Tana kwa miaka mingi, na huenda siku moja likajengwa. Siku hiyo watakuja wataalamu wa kila nchi. Sisi tunaomba uangalifu uleule kwa kuta za mita tatu, zile zinazojengwa bila kamera, kwa sababu ndizo tunazoishi chini yake.

Waheshimiwa, kabla ya kutia sahihi cheti cha malipo kinachofuata, njooni Ishiara. Msisimame juu ya ukuta. Teremkeni nasi hadi pale maji yanapotua, mpime kina chake mbele ya wanaoyatumia, kisha mtie sahihi mkiwa mmesimama hapo.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Ishiara